Kazi Yenye Meza

Jumatatu, 11 Aprili

Siku ya ishirini na mbili bila Winfred. Nimekula ugali kwa maziwa ya mgando. Sufuria imeungua chini. Nimeiloweka pamoja na zile tatu za wiki iliyopita.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mke wangu hakunikimbia. Amekwenda kwao Kiembeni kupumzika. Ila alipokuwa akifunga mkoba alisema atarudi siku nitakayopata kazi yenye meza. Si kuuza miwani ya jua kivukoni msimu wa mvua. Si kufuga sungura bafuni. Kazi yenye meza, na mimi nimekaa nyuma yake. Nilimwuliza kwa nini meza. Akasema mtu mwenye meza angalau unajua pa kumtafuta.

Leo nimeipata! Yaani karibu. Nimejitolea katika kampeni ya Tinga, anayetafuta tikiti ya chama chetu awe mwakilishi wa wadi. Tinga ana malori mawili ya mchanga na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Anataka aitwe Mheshimiwa kuanzia sasa, ili azoee. Hapa kwetu Likoni ukishapata tikiti ya chama, uchaguzi wenyewe wa Agosti ni kwenda kuchukua kiti tu. Na Tinga ameniahidi mbele ya mashahidi: akipita, mkuu wa ofisi ya wadi ni mimi, Masha.

Nimekwenda kuichungulia ofisi dirishani. Meza ipo. Ya mbao ngumu. Nimeikadiria shubiri nane kwa tano. Askari wa mlangoni akaniuliza ninapima nini. Nikamwambia atanifahamu baadaye.

Mchujo ni Alhamisi ya wiki ijayo, uwanja wa shule. Hakuna karatasi za kura. Ni mlolongo: kila mgombea anasimama mbele, watu wanapanga mstari nyuma ya wanayemtaka, vichwa vinahesabiwa. Mpinzani wetu ni mmoja tu, Mwalimu Barke wa madrasa. Mpiga debe wake ni jirani yangu Ghalib, fundi cherehani. Nyumba zetu zinagawana ukuta. Kuanzia leo hatugawani kitu kingine.

Jumanne, 12 Aprili

Kazi ya kwanza: kubandika picha za Mheshimiwa. Nimepewa mia na hamsini.

Mpango wangu ulikuwa wa akili. Huu ni mwezi wa Ramadhani. Baada ya adhuhuri mtaa mzima umelala kwa saumu na joto. Nikatoka saa nane na ndoo yangu ya gundi. Gundi ya dukani ni ghali, nikapika mwenyewe kwa unga wa ngano, nikatia na chumvi kidogo isichache. Nikabandika Tinga juu ya kila Mwalimu Barke kutoka msikitini mpaka bomba la maji. Mtaa mzima Tinga. Nikarudi nyumbani nikalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi.

Saa kumi nimeamshwa na kicheko cha Ghalib kupitia ukutani. Nikatoka. Mbuzi wa Bi Nadira, yule mama anayekaanga kaimati kwenye kona, walikuwa wamemaliza upande wa kushoto wa barabara na wameanza wa kulia. Walikuwa wanamla Mheshimiwa kuanzia kidevuni. Unga wa ngano, na chumvi! Chini yake anatokea Mwalimu Barke mzima, safi, ametundikwa kwa misumari, anatabasamu.

Nimemlalamikia Bi Nadira. Amesema tangu mwezi uanze mbuzi wake hawajapata futari nzuri namna ile, Mungu anijalie. Tinga nimemwambia picha zimekwisha zote siku moja. Amefurahi sana. Si uongo.

Alhamisi, 14 Aprili

Fulana za kampeni zimefika. Njano, sura ya Tinga kifuani. Nimegawa arobaini. Kila aliyepokea ameapa kwamba kura yake ni ya Mheshimiwa mpaka kufa.

Jioni nimepita kwa Ghalib kupeleleza. Hapo mezani kwake nimeziona fulana kumi na moja. Watu wamempelekea azigeuze foronya. Ghalib akaniambia kwa upole kwamba kitambaa ni kizuri, kinanyonya jasho la usiku. Akaniuliza kama na mimi nitataka moja, atanifanyia kama jirani.

Namchukia mtu anayejibu matusi kwa upole. Unabaki huna pa kushika.

Na ana meza. Hilo nimeliona leo kwa mara ya kwanza. Miaka tisa nimeishi jirani na mtu mwenye meza.

Jumapili, 17 Aprili. Pasaka

Nimekwenda Kiembeni kumsalimu Winfred na wazazi wake. Nimevaa koti la harusi. Halifungiki lakini likiachwa wazi linaonekana kama nimeamua.

Baba mkwe, Mzee Mweri, alikuwa karani bandarini miaka thelathini na moja. Kwake binadamu ni wa aina mbili, wenye droo na wasio na droo. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha gazeti. Nikaona nisipoteze wakati. Nikamwambia nimeteuliwa mkuu wa ofisi ya wadi.

Gazeti likashuka. Akaniuliza meza ina droo ngapi.

Nikasema tatu.

Akauliza zipi zina ufunguo. Nikasema ya juu. Akauliza ufunguo uko wapi. Nikapapasa mifuko ya koti kwa muda mrefu, nikasema nimeuacha ofisini kwa usalama. Mzee Mweri akatikisa kichwa pole pole na kunimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Miaka sita ya ndoa hajawahi.

Kitu kimoja kimenichoma. Winfred alinisindikiza mpaka njiani. Aliniuliza mimi na yeye tukiwa peke yetu kama ile kazi ni ya kweli. Nikasema ni ya kweli kuanzia Alhamisi jioni. Kisha akasema jina lake bado liko kwenye daftari la wapiga kura la huku kwetu, kwa hiyo atavuka Alhamisi aje ajipange kwenye mstari wangu. Akasema atasimama mpaka mwisho. Alisema hivyo bila kunitazama, anarekebisha leso begani.

Nimekaa kivukoni nusu saa nzima nikitabasamu kama mjinga. Nampenda yule mwanamke. Lazima Tinga apite.

Jumanne, 19 Aprili

Hesabu si nzuri. Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Tunaongoza, lakini kidogo mno. Wetu wengi ni watu wa kanisani na vibarua wa machimbo. Wa Mwalimu Barke ni wa msikitini, wazazi wa madrasa, na kila mtu aliyewahi kushonewa kwa mkopo na Ghalib. Anayeongoza kidogo hupitwa kwa kidogo. Sikupata hata hamu ya kula.

Halafu jioni nilikuwa nimesimama kwa Bi Nadira, kona imejaa watu. Mara adhana ya Magharibi! Kufumba na kufumbua hapakuwa na mtu barabarani. Hata fundi wa baiskeli aliacha gurudumu likizunguka. Wote wamekwenda kufuturu. Nimebaki mimi na wale mbuzi.

Na hapo ndipo nikapigwa na wazo.

Vichwa vikihesabiwa saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati wa adhana, mstari wa Mwalimu Barke utayeyuka wenyewe. Wamefunga tangu alfajiri. Nani atasimama? Wetu hawakufunga. Wetu watabaki wima.

Na ili wasiwe na hata sababu ya kusita, chakula kiwe pale pale uwanjani, hatua hamsini tu kutoka mistarini. Futari ya bure. Kaimati, sambusa, muhogo wa nazi, uji. Mtu akiniuliza, ni ukarimu. Nani atalaumu mtu kwa kufuturisha waliofunga? Ni thawabu.

Nimemweleza Tinga. Amenikumbatia mpaka kalamu imevunjika mfukoni. Amesema akili kama hii haipaswi kukaa bila meza.

Jumatano, 20 Aprili

Maandalizi. Bi Nadira amekubali kupika. Nimemwambia jiko lielekee upepo, harufu ifike mistarini. Ameniuliza kama watu wangu nao watakula. Nimesema baada ya hesabu. Amenitazama, akasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sikuona linahusu nini.

Nimepita kwa watu wetu wote na maagizo mawili. La kwanza, adhana ikilia msisogee. La pili, kesho msile mchana, njooni na tumbo tupu, maana chakula kitakuwa kingi na kikibaki ni aibu kwa Mheshimiwa. La pili wamelipokea kwa shangwe. Shemasi wa kanisa letu ameniuliza kama itakuwepo na sambusa ya nyama. Huyu hajafunga hata Kwaresima.

Kuna tatizo dogo. Hesabu imepangwa saa nane mchana, si jioni. Lakini msimamizi anatoka makao makuu ya chama, mgeni, hajui Likoni, na wanatafuta mtu wa kujitolea kumpokea kivukoni. Nimejitolea.

Nimemwona Ghalib dukani akinunua katoni nzima ya tende na maji ya chupa ndogo ndogo. Mlafi. Nimemcheka mpaka nyumbani.

Alhamisi, 21 Aprili

Nitaanza mwanzo.

Msimamizi ni Bi Jael. Mwanamke mrefu wa bara, begi la karatasi kwapani, saa kubwa ya mkononi. Ameshuka kwenye feri saa saba na dakika kumi. Nikamkaribisha kwa heshima zote, nikamwingiza kwenye tuktuk, nikamwambia kwa desturi ya hapa msimamizi huonyeshwa kwanza mipaka ya wadi. Akasema sawa, kama ni desturi.

Nimemwonyesha mipaka. Nimemwonyesha mtaro ambao Tinga angependa kuujengea daraja. Nimempeleka kwa shangazi yangu akanywe maji. Nimemzungusha njia ya tangi la maji la buluu mara tatu. Mara ya tatu akasema wadi hii imejaliwa matangi mengi. Mwenye tuktuk alianza kunitazama kwenye kioo. Tumefika uwanjani saa kumi na moja.

Mistari ilikuwa imesimama tangu saa saba. Wetu mrefu! Nilihesabu mia mbili na kumi. Wao hawakufika mia na hamsini. Na mwisho kabisa wa mstari wetu, na leso yake ya maua mekundu, Winfred. Amekuja. Nikaenda nikasimama nyuma yake. Akaninusa, akaniuliza nimekula. Nikasema tangu chai ya asubuhi bado. Akasema yeye pia, kwa sababu shemasi amemwambia ni agizo langu.

Bi Jael akasoma masharti. Atapita akigusa kila mtu bega. Ambaye hayumo mstarini mkono wake unapofika, hayumo. Wagombea wakilingana, uchaguzi unarudiwa wiki ijayo kwa karatasi za kura. Ataanza na mstari wa Mwalimu Barke. Kisha akataka kuona vitambulisho kwanza. Vizuri! Jua likashuka. Bi Nadira akaanza kuzitosa kaimati kwenye mafuta.

Adhana.

Nilifumba macho nisikilize miguu yao ikikimbia. Kimya. Nikafumbua.

Mstari wa Mwalimu Barke haukusogea hata kidole. Kila mtu alitia mkono mfukoni akatoa tende. Chupa ya maji ikapita kutoka mkono kwenda mkono. Midomo ikanong'ona dua. Wakala tende zao, wakanywa mafunda mawili, wakabaki wima. Mwalimu Barke aliwaambia kwa sauti ya darasani kwamba wakati wa Magharibi una nafasi, watahesabiwa kisha waswali. Basi. Watu hawa wamekaa na njaa siku kumi na tisa mfululizo. Nusu saa nyingine ni nini kwao?

Wetu sasa. Wetu hawakufunga mwezi, walifunga mchana mmoja kwa agizo langu, na hawakuzoea. Upepo ulileta harufu ya iliki. Wa kwanza kuchomoka alikuwa shemasi. Hakukimbia, alitembea kwa haraka kama mtu anayewahi ibada. Nyuma yake vibarua wa machimbo. Kisha mstari ukakatika katikati, kisha ukawa si mstari.

Bi Jael alikwisha kuanza upande wa pili. Kumi. Ishirini. Bega kwa bega.

Nilimwambia Winfred anishikie nafasi. Nikakimbia. Nilisimama kati ya watu na sufuria nikahutubia. Nisijisifu, nilihutubia vizuri. Niliwaambia habari ya heshima ya wadi, na mtaro, na Mheshimiwa. Wakaanza kurudi! Ishirini, arobaini, wengine sambusa mkononi. Nilikuwa nauokoa uchaguzi, naliona kwa macho yangu. Hapo Bi Nadira, kwa huruma au kwa kutaka ninyamaze, akanitilia kaimati mkononi. Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Ilikuwa ya moto, shira inachuruzika. Nikasema moja tu. Ya pili ilikuwa imeshikana na ya kwanza.

Nikageuka na mdomo umejaa. Bi Jael alikuwa mwisho wa mstari wetu. Mkono wake uko begani mwa Winfred.

Nyuma ya Winfred hapakuwa na mtu. Chini, mchangani, alikuwa ametandika leso yake, ile ya maua mekundu, kunishikia nafasi, kama watu wanavyotandika kwenye foleni ya maji. Alibaki na gauni tu mbele ya watu wote. Bi Jael akauliza hii ni nini. Winfred akasema ni nafasi ya mume wangu, anakuja. Bi Jael akainua macho akautazama uwanja wote. Nikapunga mkono. Ndio wenye kaimati. Nikakimbia kuliko nilivyopata kukimbia maishani.

Bi Jael akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba leso haihesabiwi. Akaandika.

Mwalimu Barke, mia moja arobaini na tatu. Tinga, mia moja arobaini na mbili.

Winfred aliinama, akaikung'uta leso mchanga, akaikunja mara nne. Hakunigombeza. Ningemshukuru angenigombeza. Alisema tu kwamba yeye amesimama mpaka mwisho. Kisha akaenda kivukoni.

Ijumaa, 22 Aprili

Ijumaa nyeusi. Tinga ametuma mtu aje achukue fulana yake. Niliyoivaa. Nimeivua mlangoni.

Ghalib amekuja jioni na sahani imefunikwa. Nilitaka kumkatalia lakini ulikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Tumekula pamoja barazani, yeye amefuturu, mimi nimefungua njaa yangu ya kawaida. Akaniambia, "Wallahi jirani, saa nane mngetupiga mbali. Nusu ya watu wetu walikuwa bado wamelala. Tulipoona msimamizi hatokei tukasema alhamdulillahi, tukapita kuwaamsha mmoja mmoja."

Nikamuuliza tende zilikuwa wazo la nani. Akasema si wazo. Aliyefunga hutembea na tende mfukoni, adhana yaweza kukukuta popote.

Nimewaza sana baada ya yeye kuondoka. Watu mia na arobaini na wawili walirudi au walibaki. Tulipungukiwa na mmoja tu, na huyo ni mimi. Kama ningekuwa na haya ningelia. Nimelia kidogo. Nimeosha sufuria zote nne.

Jumatatu, 25 Aprili

Sijui niandike vipi.

Asubuhi nimesikia mkokoteni ukikwaruza mlangoni. Nikadhani Tinga ametuma watu waje wachukue na suruali. Nimefungua. Mkokoteni umebeba meza. Meza kubwa ya ofisi, ya mvule, kona moja imeliwa na wino wa zamani. Na nyuma ya mkokoteni, mkoba mkononi na leso ya maua mekundu begani, Winfred.

Ni meza ya Mzee Mweri. Alipewa siku aliyostaafu. Winfred anasema alimweleza baba yake kila kitu, na droo za uongo pia. Mzee alicheka mpaka miwani ikadondoka. Akasema mtu aliyedanganya kwamba ana droo tatu anajua angalau kwamba droo tatu ni kitu kizuri. Akaita mwenye mkokoteni. Droo ziko tatu. Ya juu ina ufunguo.

Winfred ameshapanga. Meza itakaa kwenye kona, karibu na Bi Nadira aliyekubali kutugawia nafasi. Yeye atakoroga unga na kutengeneza ukwaju. Mimi nitakaa nyuma ya meza, na karai liko ubavuni, nikaange viazi na kuhudumia. Viazi karai. Kazi yenye meza. Akasema ana sharti moja tu, nisiondoke mezani.

Nikaapa. Nimemwambia sufuria ni safi. Akaenda akazitazama, akarudi akaniangalia kama mtu anayeanza kuamini.

Ghalib ametuletea zawadi ya kitambaa cha meza. Cha njano. Ukikitazama vizuri unamwona Tinga mara kumi na moja.

Ijumaa, 29 Aprili

Siku ya tano mezani. Namshukuru Mungu kwa kila kitu. Mke wangu yuko nyumbani. Ninakula chakula kilichopikwa. Wapita njia wananisalimu kwa jina. Siasa nimeiacha kabisa. Nimemwambia Winfred hivyo jana na juzi, na nilimaanisha.

Ila kuna jambo nimeliona leo, nalieleza hapa kama mtu anavyoeleza hali ya hewa. Inakaribia Magharibi. Wanaofunga wanakuja kununua viazi vya kufuturia, wasiofunga wanakuja kwa sababu ya harufu. Wamejipanga wenyewe. Mmoja nyuma ya mwingine, kutoka mezani kwangu mpaka bomba la maji. Hakuna aliyewaambia. Shemasi yumo. Nimehesabu thelathini na nne.

Thelathini na wanne wamesimama mstari mmoja, wananitazama mimi!

Kosa letu la Alhamisi ile nimelielewa sasa. Chakula kilikuwa pembeni ya mstari. Chakula kinatakiwa kiwe mbele ya mstari, na mgombea awe nyuma ya chakula. Hapo hatoki mtu. Na sheria inaruhusu mgombea huru, asiye na chama. Hana tikiti ya kugombania na mtu. Anachotakiwa ni saini na alama yake mwenyewe. Alama ninayo. Nimeiegemea. Meza. Kauli mbiu pia ninayo: Unajua pa kumtafuta.

Saini kumi na tisa tayari. Hakuna kiazi bila saini. Karatasi ziko droo ya juu, ufunguo uko soksini. Winfred ameniuliza naandika nini sana. Nimesema hesabu ya viazi.

Nahitaji kitambaa kipya tu. Siwezi kugombea nikiwa na Tinga kumi na moja mezani. Ghalib anafunga duka muda si mrefu na nataka anishonee bendera. Winfred amekwenda bombani kuchota maji na ameniambia nisiondoke, karai lina mafuta mapya. Siondoki. Nimetandika leso yake juu ya kiti kunishikia nafasi. Ni kwa Ghalib hapo tu, nikirudi viazi vitakuwa ndiyo vinaanza kugeuka rangi.